Dirisha linalowaka na chumba chenye giza: njia za kupiga picha ndani ya nyumba za mawe, na ipi ichaguliwe lini

Saa sita mchana, jua linaposimama utosini na kuteremka hadi chini ya vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukuta mweupe ulio mkabala na dirisha la chumba cha kulala huwaka kiasi cha kumfanya mtu akunje macho. Katika chumba kimoja cha namna hiyo, kamera ikiwa kwenye ISO 100 (kiwango cha wepesi wake kwa mwanga) na tundu la lenzi likiwa f/8, nilihitaji shata, yaani kilango kinachofunguka kupitisha mwanga, ya sekunde 1/500 ili ukuta huo uonekane mweupe bila kuungua na kuwa doa jeupe tupu. Kwa tundu lilelile, ukuta wa ndani ulio nyuma ya kitanda cha samadari ulihitaji sekunde 1 nzima, na uvungu wa kitanda ulihitaji sekunde 4. Kila muda wa shata unapoongezeka maradufu tunahesabu stopu moja. Kwa hiyo kati ya ukuta wa nje na ukuta wa ndani palikuwa na stopu 9, yaani nje palikuwa na mwanga mara 500 zaidi, na ukihesabu mpaka uvunguni tofauti inafika stopu 11, yaani mara 2,000.

Mwenye nyumba aliyekuwa amesimama kando yangu hakuona taabu yoyote, kwa sababu jicho hujirekebisha kila linapohama kutoka dirishani kwenda kitandani, nayo akili huunganisha yote mawili bila kumwambia mtu. Kamera hufungua shata kwa muda mmoja kwa chumba kizima, na muda huo hauwezi kulifaa dirisha na uvungu kwa pamoja.

Tatizo hili lipo katika kila nyumba yenye dirisha, lakini nyumba za pwani zinalizidisha kwa namna zilivyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake mara nyingi unakaribia nusu mita, hivyo dirisha huwa kama handaki fupi linalokata mwanga kabla haujaingia. Upana wa chumba nao uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo kwa kawaida haziruhusu chumba kupita mita 3 hivi. Mpiga picha hujikuta amebana mgongo ukutani na lenzi pana ya milimita 16 au 20, na lenzi pana haina uchaguzi: ikikitazama kitanda, inaliona na dirisha. Lamu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa katika nyumba za zamani mwanga huingilia kiwandani, yaani kwenye ua usioezekwa, ukapita msana (ukumbi mrefu mwembamba) wa kwanza na wa pili, ukafika kwenye chumba kiitwacho ndani ukiwa umebaki kidogo sana.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000 na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, na nyumba nyingi za miji hii leo hupokea wageni wanaochagua chumba kwa kutazama picha tu. Wenye nyumba na wapiga picha wanaoanza huniuliza njia ipi ni bora. Mimi huwarudishia swali jingine: katika picha hii, dirisha lina kazi gani? Kama dirisha ndilo linalouza chumba, kwa sababu nje kuna bahari na mitumbwi, lazima nje paonekane. Kama dirisha ni njia ya mwanga tu, nalo linatazama ukuta wa jirani, halina haja ya kuonyesha chochote, na kuungua kwake kidogo hakumdhuru mtu. Na kama linatazama nyaya za umeme na tangi la maji, kuungua ni hisani. Nusu ya uchaguzi humalizwa na jibu hilo, kabla kamera haijatolewa mkobani.

Fremu moja

Njia ya kwanza ni kupiga fremu moja, yaani pigo moja la shata, ya RAW (faili ghafi lenye data yote ya sensa), kulinda sehemu zenye mwanga mkali, kisha kupandisha vivuli kwenye kompyuta. Sharti la RAW halina mjadala. Faili la JPEG lina ngazi 256 tu kwa kila rangi kati ya nyeusi na nyeupe, ilhali RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na ngazi hizo ndizo akiba unayoichota unapovuta kivuli kije juu. Ukijaribu kuvivuta vivuli vya JPEG kwa kiasi hicho utaona mabaka na mistari ya rangi ukutani, na chokaa laini itakuwa kama ramani.

Kamera za leo zenye sensa kubwa hushika takriban stopu 14 kwenye ISO 100, na anayesoma namba hiyo hudhani kwamba stopu 11 za chumba changu zingeingia kwa raha. Haziingii, kwa sababu stopu za chini kabisa zimejaa chembechembe, na kwa sababu kulinda ukuta wa nje kwa 1/500 kungenilazimu kupandisha chumba kizima stopu 9 baadaye. Kwa uzoefu wangu, stopu 3 ni salama, ya 4 inavumilika kwenye kuta nyeupe, na baada ya hapo mbao nyeusi huanza kupata wekundu wa zambarau usiofutika vizuri. Mlango wa msaji uliochongwa huharibika mapema kuliko ukuta ulio kando yake, kwa kuwa ukuta mweupe hurudisha mwanga mwingi na hivyo umeandikwa vizuri zaidi kwenye faili tangu mwanzo.

Hata hivyo fremu moja isidharauliwe. Siku za masika, anga inapofunikwa na wingu, tofauti kati ya nje na ndani huweza kushuka hadi stopu 4 au 5, na hapo fremu moja inatosha kabisa. Inatosha pia dirisha likitazama kiwandani badala ya barabarani, au mtu anapokuwemo pichani akimimina kahawa, kwa sababu mtu hatulii kwa fremu tano. Na kuna nyumba ambazo tripodi (stendi ya miguu mitatu) haikaribishwi, iwe kwa wembamba wa ngazi au kwa adabu ya mahali, na mpiga picha hana budi kushika kamera mkononi. Siku hizo mimi hufungua milango yote, huvuta mapazia mpaka mwisho, na hutandika shuka jeupe sakafuni chini ya dirisha, nje ya eneo la picha, ili jua linaloangukia hapo lirudi juu kwenye dari. Ni hila ya bei ya shuka moja, nayo huongeza mwanga wa chumba bila kugusa kitu kingine.

Fremu kadhaa zinazounganishwa na programu

Njia ya pili ndiyo maarufu kuliko zote: kamera hutulia kwenye tripodi, inapiga fremu kadhaa zenye mwanga tofauti, kisha programu inachukua sehemu nzuri ya kila moja na kutoa picha moja. Kwa chumba changu nilipiga fremu tano zilizoachana stopu 2: sekunde 1/250, 1/60, 1/15, 1/4 na 1. Kinachobadilika ni shata peke yake. Ukibadilisha tundu la lenzi, umbali unaoonekana kwa ukali hubadilika na fremu hazitafanana; ukiacha fokasi ya otomatiki, fremu ya giza inaweza kushika kitu kingine; ukiacha rangi ya mwanga iamuliwe na kamera yenyewe, fremu moja itakuwa ya manjano na nyingine ya buluu. Shata huachiliwa kwa saa ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera, na pangaboi huzimwa, maana panga linalozunguka likipigwa mara tano huwa vivuli vya mapanga ishirini.

Kwenye kompyuta kuna njia mbili za kuunganisha, na zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza hujenga faili moja lenye upana wote wa mwanga, kisha wewe mwenyewe unaamua namna ya kulibana ili lionekane kwenye kioo. Lightroom, programu ya kuhariri picha, imekuwa na uwezo huu tangu 2015, na faili inalotoa huhaririwa kama RAW ya kawaida. Ya pili haijengi faili la namna hiyo, bali hupima kila pikseli ya kila fremu, ikaipa uzito zaidi ile iliyopata mwanga wa wastani, rangi iliyokolea na ukali mzuri, kisha ikachanganya. Msingi wake ulichapishwa na watafiti Mertens, Kautz na Van Reeth mwaka 2007, na programu ya bure ya Enfuse, ambayo huja pamoja na Hugin (programu ya kuunga picha za mandhari pana), inafanya kazi kwa msingi huo. Kwa asiye na fedha ya kulipia programu, Enfuse hutoa picha tulivu zaidi kuliko nyingi za kulipia, ingawa sura yake haibembelezi mtu.

Ubora wa njia hii ni kasi. Nyumba yenye vyumba kumi na viwili inapigwa kwa siku moja, fremu zinaunganishwa usiku, na asubuhi kazi iko tayari. Ubaya wake ni kwamba programu haijui chumba. Inaona kivuli chini ya meza na kukiinua, inaona mwanga dirishani na kuushusha, mpaka kila kitu kiko katikati na hakuna kinachoongoza jicho. Chokaa hupata rangi ya majivu. Pembezoni mwa dirisha huzuka mng'ao mwembamba, kama utepe wa mwanga unaofuata fremu ya mbao, na mitende iliyotikiswa na upepo hubaki na majani yaliyorudiwa mara mbili.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo niliwahi kukabidhi picha za nyumba ya wageni zilizounganishwa kwa programu huku vitelezi vyote nimevisukuma hadi mwisho, nikiamini nimeonyesha ufundi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima asiyejua lolote kuhusu stopu, aliitazama picha ya sebule yake kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii umeipiga au umeichora?" Niliirudia kazi yote bila malipo. Tangu hapo, nikitumia njia hii, huinua vivuli mpaka pale ninapopenda, halafu huvirudisha chini kwa theluthi.

Kuunganisha kwa mkono

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alichapa picha za bahari kwa kutumia negativu mbili, moja ya mawingu na nyingine ya maji, kwa sababu negativu za wakati wake hazikuweza kushika vyote viwili kwa pamoja. Sisi leo tunafanya jambo lilelile kwa leya (tabaka za picha zinazopangwa juu kwa juu) na maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya tabaka) katika Photoshop, au katika GIMP ambayo ni ya bure.

Kazi inakwenda hivi. Fremu ya chumba, ile ya sekunde 1, inawekwa chini kama msingi. Juu yake inawekwa fremu ya dirisha, na maski nyeusi inaificha yote. Kisha kwa brashi nyeupe laini unaifunua pale tu kioo cha dirisha kilipo, kidogo kidogo, kwa nguvu ya asilimia 20 au 30 kwa kila mpigo, mpaka bahari itokee. Usiitoe yote. Kosa la anayeanza ni kuchukua fremu ya 1/500 na kuibandika dirishani ikiwa imekamilika, na matokeo yake dirisha huonekana kama kalenda iliyotundikwa ukutani. Fremu inayofaa ni ile inayoacha nje pakiwa na mwanga zaidi ya ndani kwa stopu 1 au 1 na nusu, kwa kuwa hata mtu aliyesimama chumbani anajua nje kuna jua.

Sehemu ngumu ni unene wa ukuta. Kwenye nyumba ya mawe, mashavu ya dirisha, yaani zile pande za ndani za handaki, hupokea jua moja kwa moja na kung'aa kuliko kitu chochote kilichomo chumbani. Mng'ao huo ni wa kweli na unapendeza, nao ndio unaomwambia mtazamaji kwamba ukuta ni mnene. Mimi huuacha, nikaushusha nusu stopu tu. Programu ingeusawazisha na ukuta mwingine, na nyumba ya miaka mia mbili ingeonekana kama imejengwa kwa mbao za dari.

Vizuizi vipo. Nondo za dirisha na papi za mbao huweza kupitika, hasa ukitengeneza maski kutokana na mwanga wenyewe wa picha badala ya kuchora kwa mkono, ili programu ichague pikseli angavu tu na kuziruka mbao zilizo gizani. Pazia la lesi linalopepea halipitiki, na hapo ni bora kulifunga au kulivuta kando kabla ya kupiga kuliko kuja kuhangaika nalo usiku. Picha moja hunichukua dakika 30 hadi 40. Kwa nyumba ya vyumba kumi na viwili, kila kimoja kwa pande tatu, hesabu hiyo ni zaidi ya saa 18 za kukaa kitini, na mteja wa kawaida hazilipii. Kwa hiyo huichagulia njia hii picha mbili au tatu zitakazotangulia kwenye tangazo, na zilizobaki huzipeleka kwenye programu.

Flashi

Badala ya kuushusha mwanga wa nje, flashi inaupandisha wa ndani. Ufunguo wake ni kwamba mwanga wa flashi ni wa kufumba na kufumbua, hivyo muda wa shata hauuongezi wala kuupunguza. Shata inatawala mwanga wa dirisha peke yake, na nguvu ya flashi unaipanga kwa kitufe chake. Ukomo ni kasi ambayo shata na flashi huweza kwenda pamoja, ambayo kwenye kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Kwa f/8 na ISO 100, 1/250 inaacha ukuta wa nje ukiwa na mwanga stopu moja tu zaidi ya inavyotakiwa, na hicho ndicho kiasi ninachokipenda. Fremu moja, na dirisha na chumba vyote vimekaa.

Mbona basi si jibu la kila kitu? Kwa nyumba za mawe, shida ni dari. Mpiga picha wa nyumba za kisasa huelekeza flashi juu kwenye dari nyeupe na mwanga hushuka sawasawa; boriti za mikoko zilizoiva kwa miaka huumeza mwanga huo, na kati ya boriti na boriti hubaki milia ya giza. Hapa flashi ielekezwe kwenye ukuta wa chokaa ulio nyuma au kando ya mpiga picha, ambao unarudisha mwanga mpana na laini. Umbali nao una sheria yake: ukienda mara mbili mbali, mwanga unabaki robo, kwa hiyo meza iliyo karibu na flashi inang'aa na kona ya mbali inabaki nyuma. Vioo vya kabati, picha zenye fremu na mbao zilizopakwa vanishi huonyesha doa jeupe. Na rangi hazipatani: flashi ina joto la rangi la takriban 5,500K (kelvini) kama jua la mchana, ilhali balbu za manjano zina 2,700K hivi, hivyo taa ya kando ya kitanda hutoka kama kaa la moto ndani ya chumba cha buluu, isipokuwa ufunge karatasi ya rangi ya chungwa mbele ya flashi au uzime taa.

Kilichonipunguzia hamu ya flashi zaidi ya yote ni zidaka. Safu za vishubaka hivi kwenye ukuta wa ndani huonekana kwa sababu ya kivuli kilichomo ndani ya kila kimoja. Flashi ikipiga kutoka upande wa kamera, kivuli kinaondoka, na ukuta uliomgharimu fundi miezi ya kazi ya chokaa unaonekana kama karatasi iliyochapwa. Ikikulazimu kuitumia, flashi iwekwe kando kabisa, upande uleule unaotoka mwanga wa kiwanda, na nguvu yake iwe ndogo. Jikoni na msalani, kwenye vigae na mabomba, sina malalamiko nayo. Ghorofa mpya za Dar es Salaam zenye dari nyeupe na kuta za vioo zinazotazama bandari ni uwanja wake halisi.

Kusubiri jua lizame

Njia hii haihitaji programu wala flashi, inahitaji subira. Baada ya jua kuzama, mwanga wa nje hupungua mpaka unalingana na wa taa za ndani, na kwa muda mfupi fremu moja hushika anga ya samawati iliyokolea na chumba chenye joto la taa bila kazi yoyote ya ziada. Wanaosoma mafunzo ya Ulaya hupotoshwa hapa kidogo. Karibu na ikweta jua hushuka likikaribia wima, hivyo giza huingia upesi. Tuna dakika 20 hivi, na kati ya hizo zilizo nzuri kweli ni 8 au 10. Hiyo ni picha mbili, au tatu kwa mtu mwepesi ambaye kamera yake iko tayari kwenye tripodi tangu saa kumi na mbili.

Jambo ambalo mafunzo hayo hayawezi kulijua ni kwamba dakika hizo huangukia Magharibi barabara. Adhana inapoanza, wenyeji wa nyumba wanakwenda kuswali, na mpiga picha anayezunguka na tripodi akiomba taa ziwashwe huku na kule anakuwa kero. Mwombe ruhusa mwenye nyumba tangu asubuhi, washa taa zote mapema, weka kamera mahali pake, kisha kaa kimya na ufanye kazi ukiwa peke yako. Ikumbukwe pia kwamba bahari inayouza chumba saa nne asubuhi, ikiwa kijani na samawati, jioni huwa bamba la giza. Kama mteja anataka maji, kusubiri machweo ni kukosa alichokitaka.

Simu nayo inadai nafasi yake katika ulinganisho huu, na inastahili kidogo. Simu nzuri hupiga fremu nyingi fupi kwa mfululizo na kuziunganisha yenyewe kabla hujashusha mkono, na kwa picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp inazidi kamera iliyoshikwa na asiyeijua. Lakini uamuzi wa kiasi cha mwanga wa dirisha na kiasi cha giza la kona umeshafanywa na mtengenezaji wa simu, na kila chumba hutoka na sura moja.

Chumba kimoja, picha nne

Nilipata nafasi ya kuzilinganisha njia hizi katika chumba cha ndani cha nyumba moja ya Lamu, mchana mmoja hadi jioni, kamera ikiwa haijasogea. Mbele ya lenzi palikuwa na ukuta wa zidaka, upande wa kushoto mlango wazi wa kuelekea msana, na mbali kupitia mlango huo, mstari wa kiwanda uliopigwa na jua.

Fremu moja iliyopandishwa stopu 3 ilitoa zidaka vizuri, kila kimoja na kivuli chake, lakini kiwanda kiliungua kabisa na mlango ukawa nguzo nyeupe. Picha ya programu ilionyesha kila kitu, hadi tundu la msumari kwenye boriti na majani ya mmea wa kiwandani, na ukiitazama hukuweza kujua mwanga unatoka wapi. Picha ya flashi ilikuwa safi kuliko zote na haikufanana na nyumba hiyo hata kidogo. Ile niliyoiunganisha kwa mkono ilitumia fremu ya sekunde 2 kwa zidaka na fremu ya 1/15 kwa kiwanda tu, nikauacha msana kama ulivyo kwenye fremu ya kwanza, na kona ya kulia sikuigusa ikabaki nyeusi. Mwenye nyumba aliichagua hiyo. Aliniambia kwamba chumba hicho walikijenga wazee kiwe na kiza, cha kupumzikia na cha faragha, na mgeni anayekuja akitarajia chumba cheupe kama hospitali atalalamika siku ya kwanza.

Maneno yake yalinibadilishia kipimo. Kwa chumba cha ndani sasa hufikiria kwanza fremu moja, na kama kiwanda kimo pichani basi fremu mbili kwa mkono, na siiruhusu programu iingie humo peke yake. Kwa chumba cha juu chenye dirisha la bahari, mkono tena, kwa sababu dirisha ndilo bidhaa. Kwa vyumba vya kawaida vinavyofanana, vitano au kumi kwa mkupuo, programu inatosha ikizuiwa mkono wake. Barazani na kwenye paa la makuti, machweo.

Kwa kuwa mara nyingi huwezi kujua mapema ni njia ipi itashinda, huwa napiga kwa namna isiyonifungia mlango: fremu tano kwa kila upande wa chumba, ya sita yenye flashi ukutani endapo kuna jiko au msala, na kamera isisogezwe mpaka zote ziishe. Kwa kamera ya megapikseli 24 kila RAW ni takriban MB 25 hadi 30, kwa hiyo vyumba kumi na viwili kwa pande tatu hutoa faili 180 na kujaza karibu GB 5. Kadi ya GB 32 inabeba kazi hiyo ikabaki na nafasi tele. Fremu za katikati, zile za 1/60 na 1/15 ambazo watu huzifuta kwa kuona hazina kazi, zihifadhiwe mpaka mteja apokee picha zake, maana mara nyingi ni hizo zinazorudi kuokoa shavu la dirisha lililoungua kwenye fremu ya chumba na likawa giza mno kwenye fremu ya nje.